Gunia la Bibi Njiku Nyuma ya Kufuli

Mwanangu, kuna siku moja naona nitazikwa nayo. Bibi Njiku amesimama nje ya mashine yangu ya kukamua alizeti, amejifunga kitenge chake cha kutokea, ana ndoo mbili mpya za mafuta. Gunia lake liko ndani. Mlangoni kuna kufuli lisilo langu, na juu yake karatasi yenye muhuri, kwamba atakayefungua atashtakiwa. Siku hiyo ni Alhamisi, na harusi ya mjukuu wake ni Jumamosi. Nilimpa shikamoo, akaitikia.

Nirudi nyuma kidogo, maana umeniambia unataka kufungua mashine yako kule Ikungi, na sitaki uingie kama nilivyoingia mimi.

Shule niliishia darasa la nne. Lakini hapa Mtinko, kwenye mashine yangu, karatasi haikuwa na kazi. Unajua tunavyofanya. Mkulima analeta gunia, analifunga mdomo kwa kitambaa chake, huyu kipande cha khanga nyekundu, yule utepe wa gauni bovu la mtoto, anakwenda zake. Hata wiki mbili. Akirudi analitambua kwa kitambaa, na sijawahi kumpa mtu gunia la mwenzake. Neno lilitosha. Basi nikadhani na ofisi ni hivyo hivyo.

Leseni yangu ilipokaribia kwisha nilikwenda mjini mapema, mwezi mzima kabla. Kwenye dirisha la ofisi ya leseni alikuwa karani, Salma. Nikampa leseni ya zamani, cheti cha afya na barua ya mtendaji, zote zenyewe, nakala sikutoa hata moja. Akazitia kwenye faili la kijani, akasema nimsubiri bwana afya aje kukagua. Huyo ndiye Joram. Nimemzidi umri kwa mbali, lakini pale ofisini nilimwamkia shikamoo kama wenzangu wote wa foleni, maana ukiwa na shida unaamkia hata mtoto. Akaitikia marahaba, hana hata aibu. Alikuja huku Mtinko, akazunguka mashine, akachungulia tangi, akajaza fomu yake, akasema pako safi.

“Mama, wewe kamua tu. Kibali kinakuja.”

Nilitaka kumwambia hilo neno aniandikie, aniachie. Nikaona nitakuwa namdhalilisha mgeni wangu, tena nimemchinjia kuku. Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Kufuli lilikuja baadaye. Kosa ni ile siku, nilipoona aibu.

Nilirudi dirishani mara nne. Mara mtandao hauna, mara mwenye muhuri yuko kwenye semina. Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, tulikuwa tunakaa naye benchi moja, naye anafuata kibali chake. Akanitania kwamba tukae vizuri, siku wakihesabu meza na viti vya ofisi watatuhesabu na sisi. Tulicheka. Wakati ule bado nilikuwa na kicheko.

Alizeti ikaanza kuingia, nikakamua kama nilivyoambiwa. Wiki ya tatu wakaja watu watatu na kufuli, kwamba nakamua bila kibali, na aliyetangulia ni Joram. Nikamuuliza, si wewe uliyesema nikamue? Alitazama rundo la mashudu, mimi hakunitazama.

“Nani alikwambia hivyo, mama? Una maandishi?”

Nilipofika dirishani Salma akasema jina langu halimo kitabuni na faili la kijani hajaliona. Alisema kwa upole tu, kama mtu anayekwambia mvua haijanyesha.

Ndipo nikawa nimesimama mbele ya Bibi Njiku. Nilimweleza yote, Joram, Salma, faili. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Huyo Joram mimi simjui,” akasema. “Gunia nilikukabidhi wewe.”

Hakupaza sauti. Alibeba ndoo zake tupu akaondoka, na harusi ikapikwa kwa mafuta ya kuazima kwa majirani.

Kufuli walilitoa alizeti imeshakwisha mashambani. Faili lilionekana, wanasema lilikuwa chini ya mafaili mengine. Ndani yake fomu ya Joram, ameandika kwa mkono wake kwamba pako safi. Hakuna aliyesema samahani. Sasa mashine naiwasha siku mbili kwa wiki. Bibi Njiku hajarudi. Tukikutana mnadani ananiitikia salamu, basi.

Kwa hiyo ukienda kule, heshima peleka, lakini karatasi usiiache bila nakala. Mwambie wa dirishani akugongee muhuri wa kupokea, aandike na jina lake. Akinuna, mwache anune. Mkaguzi akija mpe kiti, mpe maji, halafu mpe kalamu. Na mtu akikuachia gunia, jua kwamba atakayeulizwa ni wewe.

Mungu akufungulie mlango wako, na asitokee mtu wa kuufunga. Alizeti yako ijae mafuta, na kila kitambaa kikutane na mwenyewe.

Na wewe Joram, na wewe Salma, najua maneno haya yatawafikia. Mimi nilisimama mbele ya yule bibi nikaulizwa. Nataka na nyinyi mje Mtinko siku ya mnada, msimame pale pale, mumwambie nani alilikalia lile faili. Yupo, ana nguvu zake, na zile ndoo bado anazo.