Kicheko Kilichotangulia

Watu waliingia kliniki ile ya meno na mashavu yaliyovimba, wakamkuta mwanamke wa mapokezi anacheka peke yake. Ndiyo wakambandika jina la Bi Kicheko. Daktari alishamgombeza: mtu jino linamuua, wewe unamchekea! Lakini afanyeje? Chini ya kaunta alificha riwaya ya wachumba wawili wenye ndimi kama wembe, waliogombania kila kitu cha harusi yao, na kila ugomvi ukawazidishia mapenzi. Naye alikuwa mchumba wa mtu, basi ilimkolea.

Mtu mwenyewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Cheche zilishamharibu macho, maandishi madogo yakimtoa machozi, hivyo kila Jumapili alijinyoosha kwenye kochi la kina Bi Kicheko akasomewa. Sharti lao lilikuwa moja: hakuna kutangulia. Hata kazini Bi Kicheko alirudia yaleyale waliyokwisha kusoma, roho ikimdunda kutaka mbele. Fundi naye alicheka mpaka akashika mbavu. Mwanamke akajiambia, huyu ndiye; mwanamume anayecheka pale unapocheka wewe hapatikani kirahisi.

Jumapili moja wakafika pale bwana harusi anaponunua kitanda bila kupima mlango, kikabaki barazani, na shangazi wa bibi harusi anakuja kukikagua. Kurasa mbili zilikuwa zimeshikana. Bi Kicheko akaziruka bila kujua.

"Ah, umemruka shangazi!" Fundi alikuwa ameshaanza kucheka. Akajibana pua: "'Kwani mmenunua kitanda au mmeajiri mlinzi?'"

Bi Kicheko akazibandua kurasa. Maneno yalikuwa hayohayo. Lakini yeye hakuwahi kujibana pua akimsomea. Aliyezoea kujibana pua kila akiigiza shangazi ni mdogo wake wa kike, mwenye kitabu, aliyekimaliza zamani hadi akakikariri, na ambaye hushinda nyumbani siku za kazi.

"Nani amekuhadithia?"

"Aa, nilichungulia tu."

"Kwa macho yapi?"

Fundi akageukia mlango wa jikoni. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Kumbe Jumapili zote hizo alikuwa anasikia mara ya pili! Vicheko alivyovihesabu kuwa vyao wawili vilikuwa marudio, vya kwanza vimeshachekwa na mwingine. Laiti angewakuta wameshikana mikono, asingeumia hivi.

Mdogo wake akatoka jikoni na sinia la chai. "Mbona kimya? Mmefika wapi, Dada?"

Akaona zile kurasa, akaona uso wa fundi, akaishia katikati ya chumba na sinia lake.

"Dada, nilitaka kukwambia..."

"Weka chai. Kaa hapa." Bi Kicheko akamsukumia kitabu mapajani, akasogea pembeni ya kochi kuwapisha. "Msomee. Na mcheke, nisikie mnavyocheka nikiwa sipo."