Kipimo cha Ini cha Mume Wangu

Mimi ni mwepesi wa hasira, na mume wangu analijua hilo. Aliporudi kutoka Ziba kwa mama yangu mjane, mwili wote ukimuuma, nilimpeleka hospitali mwenyewe. Malaria haikuonekana. Wakachukua damu kupima ini, na majibu nikayasoma nyumbani Cheyo kabla hajavua viatu. Vimeng'enya viwili vya ini vilikuwa juu: ALT imepanda kidogo, AST imepanda sana.

Kwangu ini na pombe ni kitu kimoja. Baba alikunywa mpaka tumbo likajaa maji, tukamzika. Mume wangu aliacha pombe mwaka tuliofunga ndoa, lakini kule Ziba kaka zangu hawalali bila kibuyu, naye alikaa huko siku tatu! Nilinusa mashati yake. Nikamwambia, "Umerudia." Akasema hajagusa hata tone. Nikamjibu kwamba damu haisemi uongo, kisha nikamnunia wiki nzima. Niliogopa kuwa mjane kama mama.

Siku ya kurudi kwa daktari nilimfuata, nikakaa karibu na mlango kama askari. Daktari, mama wa makamo, akamuuliza kuhusu pombe. Akasema hapana.

"Na kazi nzito kabla ya kupima?"

"Nilienda kuwasalimia wakwe tu."

Daktari akatugeuzia karatasi. "ALT ni ya ini zaidi. AST ipo kwenye ini, na ipo pia kwenye misuli. Pombe huweza kuipandisha namna hii. Kazi ya jembe nayo huweza. Ndiyo maana nauliza tena, baba."

Mume wangu akatazama sakafu. Mkwe mwenye adabu hataji choo cha mama mkwe mbele za watu.

"Choo cha mama kilititia na mvua," akasema polepole. "Nilichimba shimo jipya. Siku tatu, peke yangu. Mashemeji hawakuwa na nafasi."

Kaka zangu nawajua, na nafasi yao naijua. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Daktari akaagiza wiki mbili bila kazi nzito, kisha damu ipimwe tena; kama ni misuli, AST itashuka. Nilimpigia mama simu, akasema shimo lipo, tena refu. Hata hivyo, niseme kweli, nikawaza kwamba mtu huweza kuchimba mchana na kunywa jioni. Nikapasua kuni mwenyewe na kusubiri.

Majibu ya pili yalikuwa ya kawaida, vimeng'enya vyote viwili. Nilipiga kigelegele pale pale kwenye korido. "Sasa nimeamini!"

Hakucheka. Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Mama watoto," akasema, "karatasi ilisema nimekunywa, ukaiamini. Leo imesema sijanywa, umeiamini. Mimi nilikwambia siku ya kwanza."