Nilivyosema "Mimi" kwa Niaba ya Akina Mama

Siku yangu ya kwanza kazini nilifundishwa neno moja tu, nalo ni neno nililodhani nalijua tangu utotoni: mimi.

Nilikuwa kijana wa Nyamwaga, nimeajiriwa kuwa karani na mkalimani katika mahakama moja ya mwanzo wilayani Tarime. Mkalimani ni mtu anayesimama kati ya shahidi na hakimu. Shahidi anasema Kikurya, yeye anageuza kwa Kiswahili. Hakimu anauliza kwa Kiswahili, yeye anarudisha kwa Kikurya. Hakimu huyaandika yote kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu ya shauri, na lisilofika kwenye mwenendo ni kama halikusemwa. Siku hizi vijana wa kwetu wanasema Kiswahili bila shida. Wakati ule mama aliyetoka Nyarero au Nyakunguru angeweza kukaa mahakamani tangu asubuhi asielewe hata sentensi moja ya kesi yake mwenyewe.

Asubuhi hiyo alisimama mama mmoja aliyevunjwa mkono na mumewe. Akala kiapo, akaeleza kwa sauti ya chini. Nikamgeukia hakimu nikasema, "Mheshimiwa, huyu mwanamke anasema alikosana na mume wake, akaadabishwa."

Hakimu Mfawidhi, ndiye mkuu wa kituo chetu, alikuwa mtu mkavu kutoka mikoa ya kusini. Aliweka kalamu chini.

"Bwana Mwita, yeye amesema kuadabishwa?"

"Hapana, Mheshimiwa. Amesema alipigwa kwa mpini wa jembe."

"Hilo la kuadabishwa umelitoa wapi?"

"Ndivyo tunavyosema, Mheshimiwa."

"Mnavyosema akina nani?"

Hakungoja nijibu. Akaniambia polepole, kama anayemwelekeza mtoto njia, "Mkalimani hasemi 'huyu mwanamke anasema'. Akisema mimi, na wewe sema mimi. Hupunguzi, huongezi, husafishi. Rudia."

Nikarudia. "Mimi nilipigwa na mume wangu kwa mpini wa jembe."

Watu kwenye mabenchi walicheka. Jibaba zima, lina sauti nzito, linasema mume wangu! Lakini mama yule aliendelea, na mimi nikaendelea: "Niliinua mkono nikinge kichwa. Nikausikia mfupa. Mtoto alikuwa mgongoni." Kicheko kikaisha. Nyumbani kwetu baba alikuwa akimpiga mama, na siku zote tulisema "baba amemfundisha mama." Nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini, na sikuwahi kulitazama jambo lile kutoka upande wa aliyepigwa.

Tangu siku hiyo nilianza kuyasikia maneno. Nilikuwa nimeyasema maisha yangu yote bila kuyasikia. Baba anaulizwa na hakimu ana watoto wangapi, anajibu, "Wanne, na mabinti watatu." Mjane anaeleza alivyochukuliwa na ndugu wa marehemu, nami inanibidi nitamke, "Mimi nilirithiwa na shemeji yangu." Kurithiwa! Shamba hurithiwa, ng'ombe hurithiwa. Nilipolitamka neno lile kwa nafsi ya kwanza nilijisikia kama kitu kilichofungwa kamba. Na mjane mwenyewe alilisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja kijiji alichozaliwa.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa wilaya ya Serengeti. Huko sikujua Kiikoma wala Kinata, kwa hiyo waliniweka masijala, chumba cha kutunza majalada, na ukalimani ukafanywa na mwenzangu wa hukohuko. Nilikuwa naandikisha mashauri. Siku moja mzee wa Kiikoma, mchungaji wa mbuzi, alikuja kufungua shauri. Nikamwuliza ukoo wake, akanitajia ukoo, akaongeza kwamba ni wa mama yake. Nikadhani hakunisikia.

"Mzee, nimeuliza ukoo wako."

"Nimekutajia."

"Huo si wa mama?"

Alinitazama kwa huruma. "Kwani wewe ulizaliwa na nani?"

Nilikaa na kalamu mkononi. Mwendo wa siku moja tu kutoka kwetu, na mwanaume mwenye mvi anajitambulisha kwa ukoo wa mama yake bila kuinamisha kichwa. Kumbe yale niliyodhani ni maumbile yalikuwa desturi ya nyumbani kwetu tu.

Niliporudishwa Tarime, hakimu wetu alikuwa mwanamke, mama wa makamo kutoka Pwani. Mbele yake lilikuja shauri ambalo mpaka leo sijalisahau.

Mzee mmoja alikuwa amefariki bila mtoto wa kiume. Mdogo wake, Nyamhanga, aliomba awe msimamizi wa mirathi, yaani mtu anayekabidhiwa mali ya marehemu kuigawa. Mjane, Bibi Wankuru, aliweka pingamizi. Nyamhanga alipoanza kusema alimwita hakimu "binti yangu." Nikaitafsiri ilivyo.

Hakimu akatabasamu. "Shikamoo, mzee. Nyumbani mimi ni binti yako. Hapa mimi ni mahakama. Endelea."

Akaendelea. "Kaka yangu hakuacha mtu. Nyumba ile haina mtu."

Neno alilotumia ni *omonto*. Ni mtu, basi. Nilijua alichokusudia: haina mwanaume, haina mrithi. Ningeweza kusema "haina mrithi", ikaingia kwenye mwenendo kama hoja safi ya kisheria, na hakuna ambaye angenilaumu. Nilikumbuka: hupunguzi, huongezi, husafishi. Kisha nikasema, "Nyumba ile haina mtu."

"Haikaliwi?" hakimu akauliza.

"Inakaliwa," Nyamhanga akajibu. "Wanakaa wanawake."

Ikaja zamu ya Bibi Wankuru. Alikuwa mwembamba, mrefu, kanga ameifunga kifuani. Akasema, nami nikasema naye, "Mimi nilimwoa Rhobi."

"Karani, umekosea," hakimu akasema. "Nani aliolewa na nani?"

"Sijakosea, Mheshimiwa. Bibi ndiye aliyeoa."

Nikaomba ruhusa nieleze. Kwetu mwanamke mzee asiye na mtoto wa kiume anaweza kumtolea binti mahari, na watoto watakaozaliwa wakawa wajukuu wa nyumba yake. Tunaiita nyumba ntobhu. Hakimu alisikiliza kalamu ikiwa juu, halafu akaandika kama ilivyotamkwa: nilimwoa. Kisha akamgeukia Rhobi, aliyekaa nyuma.

"Na wewe ulikubali?"

Rhobi akasimama. "Mimi sikuulizwa," akasema, nami nikasema. "Lakini tumeishi. Bibi hajawahi kuniinulia mkono."

Mdaiwa au mpinzani ana haki ya kumhoji shahidi wa upande wa pili. Tunaita maswali ya dodoso. Hakimu alimsimamisha tena Nyamhanga, akampa Bibi Wankuru nafasi hiyo, naye akawaita wajukuu wake watatu, watoto wa Rhobi. Waliingia na sare za shule, wakasimama mbele ya meza, wote wasichana.

"Nyamhanga," akasema, "ulipougua tumbo, nani alikupakia kwenye mkokoteni akakupeleka zahanati?"

"Rhobi."

"Shamba unalolitaka nani amelilima?"

"Ninyi."

"Huyu mkubwa anaitwa nani?"

"Bhoke."

"Bhoke ni mtu?"

Nilimgeukia hakimu nikaitafsiri: "Bhoke ni mtu?" Nyamhanga aliwatazama washauri wawili wa mahakama, wazee wanaokaa na hakimu kwenye mashauri ya mila. Mmoja aliinamisha uso. Nje, gari la kwenda Sirari lilipiga honi mara mbili.

"Mzee, jibu," hakimu akasema kwa upole.

"Ni mtu."

"Na huyu wa katikati?"

"Ni mtu."

"Na mdogo?"

Nyamhanga alimtazama yule mdogo muda mrefu. Alikuwa kama wa miaka saba, amenyoosha mikono ubavuni kama yuko gwaride. "Ni mtu," akasema. Akavua kofia, akakaa chini bila kuambiwa.

Nimewasikia mawakili wakiongea saa nzima. Sijasikia hoja iliyozidi ile, nayo ilitoka kwa bibi asiyejua kuandika jina lake. Washauri wote wawili walikubaliana na hakimu, na Bibi Wankuru akawa msimamizi wa mirathi ya mumewe. Nyamhanga hakukata rufaa. Niliambiwa baadaye kwamba msimu uliofuata alipeleka jembe lake la ng'ombe kwa Rhobi, akamlimia.

Nilistaafu nikiwa karani mwandamizi. Vijana wananiuliza kazi ile ilinipa nini. Huwa nawaambia: ilinifanya niwe na haya. Nilimwomba mke wangu msamaha kwa maneno kadhaa, si yote. Mengine bado yananiponyoka, nashtuka yameshatoka.

Mwaka huu walikuja wageni kumposa binti yetu wa mwisho, Ghati, ambaye ni fundi umeme huko mgodini. Mjomba wa kijana alitoka ng'ambo ya mpaka, mchangamfu, na Kiswahili chao kile. Akafungua mazungumzo: "Sisi tumekam kutafuta jiko." Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba majiko yanauzwa sokoni, hapa kuna mtu, na aulizwe mwenyewe. Wazee wakatazamana. Shemeji yangu akanivuta shati.

Ghati aliitwa. Alikuja na buti za kazi, maana alitoka zamu. Akaamkia wazee shikamoo, mmoja mmoja, kisha akabaki wima.

"Binti," mjomba akasema, akijiweka sawa kitini, "umekubali kuolewa na kijana wetu?"

"Hapana," akasema Ghati.

Kijana wa watu, aliyekaa kando ya mjomba wake, aliinua macho.

"Tumekubaliana kuoana," Ghati akasema. "Yeye ananioa mimi, na mimi namwoa yeye."

Hakuna aliyecheka. Mama yangu, ambaye sasa haoni vizuri, hajui Kiswahili, na kwa kawaida haongei mbele ya wageni, alimwuliza mke wangu mtoto amesemaje. Mke wangu akamwambia kwa Kikurya, taratibu, bila kupunguza neno. Mama akamgeukia Ghati. Kisha akaweka fimbo yake chini, akapiga vigelegele peke yake, mpaka pumzi ikamwishia.