Rekodi Ilianza Baada ya Mwikali Kuondoka

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kampuni ya uchapaji pale River Road, Nairobi, Meneja wa Mitambo alinionyesha seva, kompyuta kubwa iliyoendesha nyingine zote. "Hii ndiyo mama yao," akasema. "Ikilala, ofisi yote imelala." Sikuelewa, lakini nilitikisa kichwa kama mjuzi.

Tulitumia programu maalumu ya kuleta programu nyingine, kuzisasisha na kuziondoa. Ilikuwa na tabia moja inayonichanganya hadi leo: haikuandika popote ilichobadilisha, ila uiwashie rekodi. Nikamuuliza Meneja sababu.

"Rekodi inajaza diski bure. Ukitaka kujua kitu, si unauliza tu watu?"

Basi Jumatatu moja watu wakaulizwa. Mashine zote za kuchapa zilikuwa zimenyamaza, kwa sababu faili moja ziliyoitegemea ilikuwa imewekewa toleo jipya. Nani aliiweka? Ofisini kwetu mwenye kosa alikuwa yule aliyekalia kiti cha seva mwisho. Ijumaa alikikalia Mwikali, fundi mwenzangu, mama wa watoto wawili.

"Haki ya Mungu sijaguza kitu," akasema. "Nilikuwa nacheki tu diski."

"Kwani ilijibadilisha yenyewe?" Mkurugenzi akauliza, na watu wakacheka. Mimi sikujua nicheke au nilie. Sikujua hata nimwamini nani. Kabla ya chakula cha mchana Mwikali alikuwa amechukua mkoba wake na kwenda zake, kazi imekwisha.

Kesho yake niliwasha rekodi. Jumatatu iliyofuata nikaifungua: Jumapili, ofisi imefungwa, sisi sote tuko kanisani, programu ilikuwa imejisasisha yenyewe! Nilichapa ukurasa ule nikakimbia nao hadi kwa Mkurugenzi.

Akausoma, akanirudishia. "Hii ni ya jana, Wafula. Niletee ya ile siku."

Ya ile siku haikuwepo.

Baadaye nilihamia ofisi nyingine, chini ya Mkuu wa Idara aliyependa utaratibu. Huko programu ziliandika kila badiliko bila kuombwa, na sikuwahi kumwona mtu akizisoma rekodi hizo. Hilo nalo lilinichanganya. Vijana wakiniuliza, nawaambia waziache programu ziandike tu. Diski ikijaa, nunueni nyingine.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Mountain View. Juzi, baada ya ibada, nilikutana na Mwikali, nywele zimeingia mvi. Hakuzunguka.

"Wafula, ulikuja kujua ni nani alibadilisha ile kitu?"

Nikamweleza ule ukurasa wa Jumapili, kisha nikasema, "Nafikiri ilikuwa mashine."

"Unafikiri," akasema, akachukua mkoba wake.