Mwanamke Aliyeteka Maji Kwenye Ploti Yangu

Utasema nilipigwa na jua. Hata mume wangu alisema hivyo. Lakini nilikuwa pale na akili zangu zote, na yaliyonipata ndiyo haya.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Machakos, na tulikuwa tumenunua ploti Kitengela. Siku hizo ploti moja iliweza kuuzwa kwa watu watatu, kwa hivyo kila Jumamosi nilienda kuilinda mafundi wakichimba msingi. Jumamosi moja nilibeba kitabu. Shule yetu ilikuwa imepokea sanduku la vitabu vilivyotumika kutoka Australia, na hicho kilikuwa cha wenyeji wa asili wa huko wakieleza habari za ardhi yao na bahari yao. Mmoja alisema kwamba kwao, kabla ya kuingia ardhi ya wenyewe au kuvua kwenye maji yao, unasimama mbali, unaita, unataja jina lako, halafu unangoja. Nilicheka. Nani ana muda huo Kitengela?

Saa kumi hivi, mafundi wakiwa wameenda kunywa chai, niliinua macho nikaona mwanamke Mmaasai amesimama ndani ya ua, jerikeni mkononi. Sasa niambie, aliingilia wapi? Seng'enge ilikuwa nzima, geti lina kufuli, na ufunguo niko nao mfukoni.

Mara moja nikajua ametumwa na mabroka, wale madalali wa kuuza ploti za watu.

"Nani amekutuma hapa?"

"Wewe ni nani?" akaniuliza, pole pole, bila hasira.

Nikatoa nakala ya hati. Hakuitazama.

"Nimekuuliza jina."

Sikumpa. Nimpe aende akaliandikishe wapi? Nikamwambia atoke kabla sijaita polisi. Akashuka kwenye mtaro wa msingi, akainama, na nikasikia maji yakiingia kwenye jerikeni. Niamini. Kilikuwa kiangazi, ule udongo mweusi umepasuka mpaka mkono unazama. Nikakimbia hadi ukingoni. Hapakuwa na mtu. Chini palikuwa pakavu, na kwenye vumbi hapakuwa na alama ila za gamubuti za mafundi.

Nilimweleza Mama Naserian, jirani aliyekuwa akituuzia maziwa. Aliacha kupima.

"Ulimjibu?"

"Hapana."

"Hapo palikuwa na kisima cha watu wetu," akasema. "Kilifukiwa ardhi ilipogawanywa."

Yeye pia nikamshuku. Nikafikiri labda wamepanga pamoja, watutishe tuhame. Nikaacha kununua maziwa yake, na mpaka leo tukikutana dukani ni mimi ninayeangalia chini.

Nyumba tuliijenga. Ukuta wa jikoni umepasuka mara tatu, mahali pale pale. Kila kiangazi, mifereji ya mtaa mzima ikikauka, sakafu ya jikoni kwangu inaloa. Na usifikiri sijajaribu. Nimesimama getini nikataja jina langu lote, la ubatizo na la baba, nikangoja. Hakuna aliyenijibu.

Wewe unayetafuta ploti huku, hati isome vizuri. Lakini kabla hujazungusha seng'enge, waulize majirani watu walikuwa wanapita wapi kwenda kuteka maji. Mimi niliuliza tu stima itafika lini.