Siku Mtani Aliposema Kweli

Mimi ni Ngeleja, Msukuma wa Bonde la Rukwa, na kazi yangu hapa Sumbawanga mjini ni kukodisha pikipiki. Siyo bodaboda. Bodaboda anakupakia, mimi nakupa funguo na kofia ngumu, unaendesha mwenyewe unakotaka, jioni unanirudishia. Wateja wangu ni wageni: watu wa semina, watu wa miradi, na Wafipa waliohamia Dar es Salaam ambao wakirudi kwao hawataki kuonekana wamepakiwa nyuma. Hao wa mwisho ndio wanaonichosha. Mtu amezaliwa huku, amekanyaga udongo huu bila viatu, leo ananiuliza kama barabara ya Muze inapitika.

Sasa pale kijiweni wananiuliza kwa nini siku hizi nimekuwa mkimya, wakati zamani nilikuwa sifungi mdomo. Nimechoka kuulizwa. Nasema mara moja, halafu mniache.

Baba yangu alishuka bondeni na ng'ombe kutoka Shinyanga kabla sijazaliwa, akajenga nje kidogo ya Muze. Jirani yetu alikuwa mama mmoja Mfipa, mjane, jina lake Tereza, mtu wa kanisani hasa, hakosi misa labda awe kitandani. Na sisi Wasukuma na Wafipa ni watani. Asiyejua utani anadhani ni mzaha tu wa kupitisha muda. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na huna ruhusa ya kununa. Anaingia msibani kwako, anavaa nguo za marehemu, anaiga alivyotembea na alivyokohoa, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe.

Mama Tereza alinilea kwa matusi. Nikipita kwake na ng'ombe nampa shikamoo, anaitikia marahaba vizuri kabisa, halafu hapohapo anauliza kati yangu na ndama nani amenyonya leo. Namwambia naogopa kumjibu nisije nikapigwa radi mchana kweupe, maana Wafipa kwa uchawi wa radi nawajua. Anacheka mpaka anakaa chini. Kisha ananikatia ugali wa ulezi na kipande cha kambale, nakula palepale jikoni kwake. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyenifulia mashati ya shule. Nilimpenda yule mama, niseme wazi. Nilimpenda kuliko shangazi zangu wote.

Alikuwa na watoto wawili. Bertilla, mkubwa, alibaki naye bondeni. Flavian, rika langu, alisoma, akapata kazi Dar, akawa mwana wa kupiga simu sikukuu kwa sikukuu. Si mtoto mbaya, ila ana lile tatizo la wasomi wetu, anadhani nyumbani kutamsubiri. Mwaka huu akabadilisha laini na hakumwambia mtu.

Basi, mwezi wa saba, ile baridi ya Ufipa ya kuvaa makoti mawili, Bertilla akanipigia asubuhi. Mama amezidiwa. Hali, hanywi, anamtaja Flavian tu, kila anayeingia ndani anaulizwa kama ni yeye. Namba yake haipatikani. Akaniomba niulizie kwa watu wanaotoka Dar, labda kuna anayejua pa kumpata. Nikasema nitafanya hivyo.

Chai yangu haijaisha, nani anatokea kijiweni? Flavian mwenyewe, na koti jipya na miwani ya jua. Kumbe yuko mjini tangu juzi kwa semina ya ofisi yao, leo wamepewa mapumziko, anataka pikipiki azunguke. Akaniona akapaza sauti tangu mbali, eti huyu Msukuma bado hajafa? Na mimi mdomo ukanitangulia. Nikamjibu kwamba aliyekufa ni yeye, tulishamzika kwa heshima zote, na mbuzi wa matanga yake nilikula paja. Kijiwe kizima kikacheka. Tukakumbatiana.

Ndipo akili ikanirudia. Nikamshika mkono nikamwambia, sasa mtani, tuache utani, mama yako anaumwa sana, Bertilla kanipigia sasa hivi, anataka akuone.

Flavian akanipigapiga begani. "Na ng'ombe wa baba yako nao wamezidiwa," akasema. "Wanakuulizia wewe."

Wakacheka tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Nikaapa kwa Mungu. Akasema tangu lini Msukuma akamjua Mungu. Nikamwita Abel, kijana wa Laela tunayeshirikiana naye kijiwe, awe shahidi kwamba nilikuwa naongea na simu. Abel akasema mambo ya Wafipa na Wasukuma yeye hayaingilii, tumalizane wenyewe. Nikampigia Bertilla ili wasikizane wao kwa wao. Haipatikani. Bondeni kule ukitoka nyuma ya nyumba mtandao umeondoka. Nikaficha funguo mfukoni nikasema sitoi mpaka aahidi anakwenda Muze sasa hivi. Mungu wangu, watu walivyocheka. Kuficha kitu cha mtu ndio utani wenyewe. Nikanuna. Nikawa kichekesho zaidi, maana mtani anayejifanya amenuna ndiye hodari kuliko wote.

Hebu mniambie, mtu kama mimi anasemaje ukweli? Kila mlango nilioushika ulikuwa umeshatumika kwa uongo. Kiapo nilishakitumia kwa uongo. Machozi pia, tena msibani, mbele ya padri.

Mwisho Flavian akainua mikono juu. "Haya mtani, umeshinda. Naenda Muze. Nikifika nikute mmeshachimba."

Nikampa funguo. Nikamwambia kwenye ule mteremko wa Lyamba lya Mfipa asizime injini kubana mafuta kama wanavyofanya vijana, aweke gia nzito na ashuke taratibu. Akapiga saluti, akashika barabara ya Ntendo, ile ya kushukia Muze. Mimi roho ikatulia. Yeye aliuchukua ukweli wangu kuwa utani, na mimi nikauchukua utani wake kuwa ukweli.

Nilipompata Bertilla hewani nilimwambia kwa furaha, Flavian yuko njiani, yuko kwenye pikipiki yangu, mwambie mama. Akamwambia. Bertilla anasema mama alifumbua macho. Akaomba avalishwe kile kitenge chake cha kanisani, akaomba kitanda kigeuzwe kielekee mlangoni. Alimeza uji vijiko viwili, uji aliokuwa ameukataa tangu juzi. Kila pikipiki iliyopita barabarani anauliza, ndiye? Bertilla anasema siye, bado kidogo. Pikipiki nyingine, ndiye? Bado kidogo mama. Sauti ikawa inapungua, lakini aliendelea kuuliza.

Alasiri Bertilla akapiga. Mama ameondoka. Akaniuliza, yuko wapi huyo uliyesema anakuja?

Nilijaribu namba mpya aliyoniachia Flavian alipochukua pikipiki, haikuita. Baadaye nikafungua simu nikaona ameweka picha mtandaoni. Yuko juu ya milima ya Mbizi, ukingoni kabisa, amekaa juu ya pikipiki yangu, miwani machoni. Nyuma yake bonde lote limelala wazi hadi ziwa linapong'aa. Chini ya picha ameandika, "Kwetu kule chini." Nilikaa nimeishika ile simu. Nilitamani kuirusha mtaroni, nilitamani nimrushe na yeye.

Alirudi jua likizama, amechanganyikiwa kwa raha, uso mwekundu wa baridi na vumbi. Nyuma ya pikipiki amefunga blanketi jipya na mfuko wa sukari. Akaniambia kabla sijafungua mdomo kwamba vile ni vya mama, kesho baada ya misa anashuka kumsalimia, anataka amshtukize.

Nikamwambia mama amefariki.

Akatabasamu. Nawaambia ukweli, mtu yule alitabasamu, na akaanza kutafuta jibu la kunirudishia, nilimwona anavyolitafuta. Kisha akamtazama Abel. Abel akainamisha kichwa akajifanya anafuta tangi la mafuta. Hapo tabasamu likaanza kumtoka kidogo kidogo, akabaki ameshika lile blanketi.

Tukazika keshokutwa yake. Wasukuma walijaa, watani wa marehemu, nao wakafanya kazi yao. Mmoja akalala kaburini akisema shimo ni lake, Wafipa watafute lingine. Mwingine akadai mifupa ya mama ni ya mahari, haiwezi kuzikwa bure. Watu wakacheka kama inavyotakiwa. Lakini wote walikuwa wananingoja mimi, maana walijua mama Tereza na mimi tulivyokuwa.

Sikutaka. Wakanisukuma, shangazi mmoja wa Kifipa akaniletea kitenge cha marehemu na kilemba. Nikavaa. Nikakaa kwenye mkeka katikati ya uwanja, nikajikunja kama mgonjwa, uso nimeuelekeza njiani. Na sauti ikanitoka ile yake, hata mimi ilinishtua.

"Bertilla, hiyo pikipiki ndiye? Siye? Haya. Na hiyo je? Mwangalieni vizuri, Flavian wangu anakuja, Msukuma amesema."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Niliiga vizuri mno. Bertilla akainuka akaingia ndani. Wengine hawakujua, walidhani nimetunga. Na Flavian naye alikuwa hajaambiwa na mtu yeyote kwamba mama alimsubiri. Mimi nilijua hajui. Nilikusudia. Nilitaka limchome, na utani ndio ulionipa ruhusa, kwa kuwa mtani hakasirikiwi.

Hakukasirika. Aliondoka kwenye benchi la wanaume, akaja akapiga magoti mkekani karibu yangu, akanishika ule mkono wa kitenge. Alinong'ona asisikike na wengine.

"Mtani, hilo umelitunga. Niambie ni utani."

Nilimtazama. Maisha yangu yote huyo mtu amekuwa akiniamini kwenye uongo tu.

Nikamwambia ndiyo, ni utani. Hakuniamini.