Vijitabu Vitano vya Bi Husna

Malkia wa Uingereza alipofariki, Septemba ya mwaka 2022, majirani wa mtaa wa Rahaleo, mjini Mtwara, walikwenda kumpa pole Bi Husna. Walikwenda kwa utani, lakini walikwenda. Mmoja alibeba kilo ya sukari kama ipelekwavyo msibani, mwingine akauliza kama watu watalala matanga au ndiyo imetoka hivyo hivyo. Bi Husna aliwapikia chai, akacheka nao kidogo, na walipoondoka akafagia ua ambao alikuwa ameshaufagia asubuhi. Kisha akaanua nguo mbichi. Tangu siku ile mwanamke huyo hakukaa kitako.

Utani wao ulikuwa na asili yake. Bi Husna alifanya kazi ya ukarani posta, dirishani, miaka thelathini na mitatu, na ndani ya kopo la biskuti alihifadhi vijitabu vitano vya stempu. Kila kimoja kilitolewa kwa kumbukumbu ya malkia yule: miaka arobaini ya ndoa yake, miaka arobaini ya kutawala, hamsini, sitini, sabini. Watu walidhani anampenda malkia. Ampendee nini, walikula naye wapi? Vijitabu vile vilitoka kwa Zeferino, na hilo ndilo ambalo hakuwahi kumwambia mtu ila shoga yake Modesta, wa nyumba ya pili.

Zeferino alikuwa baharia, mtoto wa wazazi waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakalima upande huu. Kila meli yake ilipotia nanga Mtwara alifika dirishani kwa Husna kutuma barua, hata siku ambazo hakuwa na barua ya kutuma. Siku moja Husna, binti wa miaka ishirini na tatu, alimwomba stempu iliyobanduka kwenye bahasha yake, yenye picha ya malkia. Zeferino akampa, akasema kwamba kila mama huyu atakapotimiza miaka ya jambo lolote, yeye atamletea kijitabu kizima. Husna akacheka. Alijua kabisa si habari za malkia wanazozungumza.

Lakini Zeferino alipopeleka posa, mjomba wa Husna akakataa. Kwao mjomba ndiye mwenye kauli, na mjomba alisema hamtoi mpwa wake kwa mtu wa ng'ambo, tena asiye Mwislamu. Mwaka 1988 akamwoza kwa Abdallah, mnunuzi wa korosho, na ndoa ile ikadumu miezi kumi na moja. Hapo katikati, kabla ya harusi, kijitabu cha kwanza kilikuwa kimeshafika kwa posta. Hakikuwa na barua. Kilikuwa kimefungwa kwenye nailoni inayoonyesha, imegandishwa pembe zote nne.

Sasa hapa lazima nieleze jambo moja la watu wa stempu, maana bila hilo mtamwona Bi Husna mjinga, naye hakuwa mjinga. Mkuu wake wa kazi, Bwana Idrisa, mkusanyaji wa stempu tangu ujana, alimfundisha kwamba kijitabu hakifunguliwi. Ukishachana karatasi lake la nje, hewa ya chumvi ya Mtwara inaingia, gundi inalainika, kurasa zinashikana, na hicho si kijitabu tena. Anayekipenda anakitazama kwa nje tu. Husna aliamini nailoni ile imetoka kiwandani. Akaweka kijitabu kwenye kopo pamoja na kipande cha mkaa cha kunyonya unyevu, akamwandikia Zeferino kadi kwa mwandiko wake mzuri wa posta: Kimefika salama. Sijakifungua. Ahsante.

Kwake yeye maneno yale yalikuwa makubwa. Yalisema: kitu chako nimekithamini kuliko wanavyothamini wengine. Na kila kilipokuja kingine alijibu vilevile, neno kwa neno, akitegemea kwamba safari nyingine Zeferino naye atatia barua. Hakutia. Akaachika, akangoja. Akasikia Zeferino ameoa, akavimba siku tatu, akamsema kwa Modesta kwamba mwanaume gani huyu anayetuma picha za bibi kizee wa watu na hana hata salamu. Modesta akamwambia amwandikie yeye basi. Bi Husna akasema hawezi kuanza.

Ndiyo maana kifo cha malkia kilimkosesha raha. Hakuna miaka tena ya kutimiza, hakuna kijitabu tena, na Zeferino hatakuwa na sababu ya kuandika jina lake juu ya bahasha. Hata hivyo alikwenda kufungua sanduku la posta kila Jumatatu na kila Alhamisi, akirudi na matangazo ya benki. Usingizi mwepesi, mchana mrefu. Alianza kupika mihogo akaacha ikaungua, alianza kushona ukili akaufumua. Miaka miwili na nusu ilipita hivyo.

Masika ya mwaka huu bati lilivuja juu ya kabati. Bi Husna alipofunua kopo aliona ukungu umeingia chini ya nailoni ya kijitabu cha kwanza, doa la kijani kwenye taji la malkia. Alikaa na kopo siku nzima mkononi, akienda nalo jikoni, akirudi nalo barazani. Asipokifungua akakikausha, kitaoza. Saa kumi alasiri alichukua wembe, akasema bismillahi, akapasua.

Ndani ya jalada, kwa penseli, paliandikwa: Husna, niko tayari kusilimu. Mwambie mjomba. Nijibu.

Alisoma akiwa amesimama. Kisha akavipasua vilivyobaki vyote, mbio mbio, mpaka wembe ukamkata kidole. Cha mwaka 1992 kilisema: Nimesikia umeachika. Nije? Cha 2002: Nimeoa, mke wangu ni Felismina, lakini ahadi ni ahadi. Mtoto wetu nimemwita Husna, mama yake hajui kwa nini. Cha 2012: Felismina amefariki, huu mwaka wa tatu. Nimejenga Msimbati, baraza ni pana. Nije kukuchukua? Na cha mwisho: Kila mara unanijibu kwamba hujakifungua. Nimeelewa, mama. Sitakusumbua tena.

Nailoni ile aliigandisha mwenyewe, baharia anayeijua chumvi, ili maneno yasilowe njiani.

Bi Husna alilia kwa hasira, na hasira ilikuwa juu yake mwenyewe na juu ya Bwana Idrisa aliyekwisha kuzikwa zamani. Modesta alipokuja akasomewa vyote vitano, akashauri watafute namba ya simu ya mtu wa Msimbati waulize kwanza kama mzee yupo hai. Bi Husna akakataa. Modesta akasema basi aandike kadi, kesho itaondoka. Mwanamke aliyegonga mihuri miaka thelathini na mitatu akasema kwa mara ya kwanza maishani mwake kwamba posta inachelewa.

Asubuhi alipanda bodaboda kwenda Msimbati. Walipita Madimba, penye mitambo ya gesi, na baada ya hapo mchanga ukaanza, pikipiki ikayumba, naye amekumbatia kopo la biskuti kifuani. Alimwuliza dereva mara nne kama wamekaribia.

Nyumbani kwa Zeferino alipokewa na msichana wa miaka kama ishirini na mitano aliyekuwa akianika makopa ya mihogo. Msichana akamwamkia shikamoo, akamwuliza jina lake nani ili akamwambie baba.

"Husna."

"Na mimi Husna," msichana akasema, akamtazama kwa makini zaidi, akaingia ndani.

Zeferino akatoka na fimbo, amepungua mwili, nywele nyeupe. Baraza lilikuwa pana kweli. Alikaa kwenye benchi, akatazama kopo.

"Umekuja kunirudishia?"

Bi Husna alishindwa kutulia, akasogea huku, akasogea kule, mwisho akafunua kopo akaliweka mapajani mwa mzee. Vijitabu vilikuwa vimechanwa nailoni, kimoja kina damu ya kidole.

"Nimevifungua. Jana."

"Vyote?"

"Vyote. Naapa, Zeferino, sikujua. Nilikuwa nakutunzia."

Mzee akavigeuza kimoja kimoja, taratibu, mpaka akafika kwenye kile chenye ukungu.

"Basi umeviharibu," akasema.

"Nimeviharibu."

Zeferino akasogea pembeni mwa benchi, akapangusa vumbi kwa kiganja.

"Kaa, basi."

Bi Husna akakaa.